Barasa, Pampu Imekubali

Ndugu yangu Barasa,

Imekubali. Nimeona nianze hapo, maana najua ungenikatiza salamu zote uulize hilo kwanza. Pampu imekubali. Sampuli ya mafuta ya Hoima imepimwa hapa hapa Kampala, kwenye meza yetu, kwa mikono yetu, na majibu yamesimama. Sasa naweza kukusalimu. Mulembe, Barasa. Ni mimi, Khemisa. Sijambo, ila naandika kwa haraka ya furaha, kwa hiyo uuvumilie mwandiko huu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kiluganda chako kilikuwa cha sokoni, Kinubi changu hukukijua, na Kiingereza tulikiacha kwenye ripoti. Wewe Kiswahili ulikuja nacho kutoka Bungoma. Mimi nilikipata kwa baba, askari wa polisi, ambaye alitugombeza kwa lugha hiyo hiyo aliyogombezea wezi. Tangu uende, siku nzima inaweza kupita sijasema neno la Kiswahili pale kazini. Hilo sikulitegemea. Nilijua nitakukosa wewe, sikujua nitaikosa na lugha.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Mkeo Nafula na watoto bado wako Kamwokya, nyumba ile ile, na kelele za muziki za jirani bado ziko pale pale. Cherehani ya Nafula sasa iko barazani, anashona sare za shule. Mwanao wa mwisho ameng'oka meno ya mbele na anajivunia pengo utadhani amelinunua. Opio, fundi wetu wa mabomba, alihamia kwenye meza yako wiki ile ile tuliyorudi kutoka mazikoni kwako. Nilimchukia kwa hilo, Barasa, nilimchukia kweli, mpaka siku moja nikamkuta anafuta vumbi kwenye redio yako kwa kitambaa, taratibu, na alipoona nimemwona akajifanya anatafuta stesheni.

Afadhali nikukumbushe tulipokuwa tumefika, ili uelewe ushindi huu umetoka wapi.

Ulikuja kwetu kutoka kwenye visima vya mvuke vya Naivasha, mtu aliyezoea maji ya moto yanayotoka ardhini yakipiga kelele. Daktari Namutebi, mkuu wa maabara yetu, alikuweka meza moja na mimi akasema, "Hawa wawili watanitafutia pampu." Basi. Maneno hayo tu. Kumbe alikuwa ametupa kazi ya miaka.

Maana mafuta yetu ya Ziwa Albert yana kiburi. Kule chini kwenye mwamba yana joto na presha, yanatembea kama maji, na gesi imejificha ndani yake kama ilivyojificha kwenye soda iliyofungwa. Ukiyaleta juu yakapoa, nta iliyomo inaganda, yanakuwa kama samli ya kwenye kopo. Ukiyaachia presha, gesi inatoka, na ikishatoka hupimi tena mafuta ya kisimani, unapima mabaki. Ndiyo maana sampuli zote zilikuwa zinapandishwa ndege, kwenye chupa za chuma, zikapimwe na watu ambao hawajawahi kuiona Hoima. Sisi tulibaki kusubiri majibu.

Ili tupime wenyewe tulihitaji pampu ya kushika presha ile ile ya kisimani, bila kutikisika, saa baada ya saa, ikishusha kidogo kidogo mpaka povu la kwanza la gesi lionekane. Na yote hayo kwenye joto la kisimani.

Unakumbuka Bwaise ilipofurika ukaja nyumbani kwa mama umevaa mabuti ya mpira, yote mawili ya mguu wa kushoto? Vijana wa mtaa walikuwa wameazima pampu ya petroli wanatoa maji vyumbani. Wewe, badala ya kubeba magodoro kama watu wengine, ukasimama unaiangalia. "Dada Khemisa," ukasema, "unaona hii? Hii haijui imetoa maji kiasi gani, na hakuna atakayeiuliza. Yetu itaulizwa kila tone." Mama akakuuliza kama umekuja kusaidia au kuhutubia. Ukabeba godoro.

Pale ndipo nilipoelewa kazi tuliyopewa. Lakini kuelewa kazi hakukutufanya tukubaliane.

Wewe ulitaka pampu inayopashwa joto yenyewe. Mafuta yaingie moja kwa moja kwenye silinda yake, yasukumwe humo humo. Mabomba machache, viungio vichache, mahali pachache pa kuvuja. Mimi nilitaka pampu ikae nje ya oveni ya kupashia mafuta, kwenye ubaridi, ishike maji tu. Maji yasukume pistoni, na pistoni ndiyo isukume mafuta yaliyomo ndani ya oveni, ili mafuta yasiiguse pampu hata siku moja.

"Maji yako yakitoka kwenye baridi yakaingia kwenye moto, yanavimba," ulikuwa unaniambia. "Ujazo unaousoma kwenye pampu si ujazo ulioko ndani. Utampelekea Daktari uongo ulionyooka."

"Na wewe umeme ukikatika, mafuta yataganda ndani ya pampu. Utayatoa na kijiko?"

"Tutawasha jenereta."

"Jenereta ya nani, Barasa? Ile?"

Na hapo sote tulikuwa tunageuka kuitazama jenereta yetu kupitia dirishani, na wewe unakohoa, unabadilisha mazungumzo. Mwezi wa Ramadhani wewe ulikuwa unajificha nyuma ya hiyo hiyo jenereta ule rolex yako ili nisisikie harufu ya mayai na chapati. Nilikuwa naisikia. Sikuwahi kukwambia, kwa sababu ulikuwa unarudi umejipangusa mdomo kwa uangalifu mkubwa sana.

Halafu ile Jumapili.

Nafula alinisimulia, na mimi nimekuwa nikijisimulia tena na tena. Mmetoka kanisani, mmepitia soko la Nakasero, wewe unachagua mananasi, unayanusa moja moja kama kawaida yako. Ukakalia kreti ya soda. Ukasema kichwa kinakuuma vibaya. Hukusimama tena. Hospitali walisema ni presha, ilikuwa juu sana na huenda ilikuwa juu kwa muda mrefu. Presha, Barasa! Siku zote zile tulikuwa tunahangaika na presha ya mwamba ulio chini ya ziwa, na yako wewe, uliyekaa mkono mmoja tu kutoka kwangu, hakuna aliyeipima.

Sitaliandika zaidi hilo.

Tulikusindikiza mpaka kwenu, kupitia mpakani Malaba. Mama yako alinishika mkono akaniuliza kitu kwa Kibukusu, na kaka yako akanitafsiria: anauliza kama ulikuwa unacheka kazini. Nikasema ndiyo, kila siku, na mara nyingi ulinicheka mimi. Kaka yako akatafsiri. Mama yako akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa anakidai, akaniachia mkono.

Tuliporudi Kampala tulikuta kazi inatusubiri, na haikuwa na huruma. Wakubwa walio juu ya Daktari Namutebi walikuwa wamechoka. Walisema kisima kinachofuata kikichukuliwa sampuli na sisi bado hatuwezi kuipima, chumba chetu kitageuzwa stoo ya mawe, na sampuli zitaendelea kupanda ndege. Daktari akatuita wote. Alikuwa amelia, macho yake yalionyesha.

"Barasa alishachagua," akasema. "Tununue ile aliyoitaka. Tubandike na jina lake pale mbele, kila anayeingia alisome."

Watu wakapiga makofi, yale ya msibani, ya chini chini. Mimi nikainua mkono.

Barasa, sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Daktari, mimi sikubali. Sikukubali akiwa hai, na siwezi kukubali sasa kwa sababu amekufa."

Opio ndiye aliyesema walichokuwa wanafikiria wote. "Marehemu hata udongo haujakauka, na wewe bado unambishia?"

Nilienda chooni nikafungulia bomba ili wasisikie nalia. Jioni, badala ya kwenda nyumbani Bwaise, nikapanda boda mpaka Kamwokya, kwa Nafula. Nilitaka anitukane yeye mwenyewe nijue moja. Nikamweleza kila kitu, pampu yako, pampu yangu, makofi, maneno ya Opio. Alikuwa anakata kitambaa cha sare, na hakuacha kukata.

"Unajua alikuwa anarudi hapa anasema nini?" akaniuliza. "Anavua viatu anasema, 'Leo Khemisa karibu anishinde.' Anacheka mwenyewe. Siku ambazo hamkubishana alikuwa anarudi amenuna."

Akaweka mkasi chini.

"Mume wangu hakuwa malaika. Kama amekosea, amekosea. Ila usimshinde kwa sababu hayupo kujibu. Mshinde vizuri."

Nilitembea sehemu kubwa ya njia ya kurudi kwa miguu, nikiyarudia hayo maneno mawili. Mshinde vizuri.

Kesho yake nikamwomba Daktari Namutebi kitu kimoja: tusinunue pampu kwa karatasi. Wanaouza watuletee, tuzijaribu hapa, na mafuta yetu, kwenye umeme wetu. Yako ipate nafasi sawa na yangu, na ikishinda, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mchonga mabango nikaandikishe jina lako. "Sawa," Daktari akasema. "Lakini kama hii ni shida yako na Barasa tu, Khemisa, nitakasirika."

Ilikuwa ni shida yangu na Barasa. Lakini haikuwa hiyo tu.

Wakala wa pampu yako anaitwa Sserwadda, mtu mrefu, mpole, mwenye tai. Alinialika kwenye hoteli moja kule Nakasero, akaniagizia juisi ya pasheni, akafungua kijitabu chenye picha zinazong'aa. Presha: kubwa kuliko tuliyohitaji. Joto: kubwa kuliko tulilohitaji. Mtu ungesema tumalize tuondoke. Nikakumbuka ulivyokuwa unanifundisha kusoma vijitabu hivyo. "Kila namba hapo ni ya siku njema ya pampu," ulikuwa unasema. "Waulize kama siku zote hizo njema zinatokea siku moja."

Nikamuuliza kwa adabu ya Kiganda. "Ssebo, hii presha kubwa mliyoandika hapa juu, inaifikia ikiwa kwenye joto hili mliloandika hapa chini?"

Akaangalia juu. Akaangalia chini. Akasema, "Nnyabo, wacha niwaulize."

Alikuwa mkweli, nimpe haki yake. Asubuhi akanipigia simu mwenyewe. Hapana, haifiki. Joto likipanda, mipira ya kuzuia kuvuja inalegea, na presha inayoruhusiwa inashuka. Kwa kazi yetu bado ilikuwa inatosha, ila kwa nafasi ndogo, si ile nafasi kubwa ya kwenye picha. Kwa hiyo pampu yako ilibaki mashindanoni, Barasa, lakini ilishuka ngazi moja, na aliyeishusha ni wewe.

Zililetwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya kusukumwa na hewa, ambayo wakubwa walituletea kwa sababu ni ya bei nafuu. Ina nguvu kama fahali, lakini inasukuma kwa vipigo, na kwenye geji sindano ilikuwa inarukaruka kama moyo wa mtu aliyetoka mbio. Huwezi kutafuta povu la kwanza la gesi na kitu kinachoruka. Opio aliitazama kidogo akasema irudi kwa wanaojaza magurudumu.

Zikabaki yako na yangu, meza mbili, ubavu kwa ubavu. Yangu ilikuwa ya silinda mbili zinazopokezana, polepole, moja ikiisha nyingine imeshaanza, na katikati husikii kitu. Yako ilikuwa nzuri, nakuapia. Ilipopashwa joto na mafuta yakaingia ndani yake, ilisukuma laini kiasi kwamba nikaanza kuona nimeshindwa. Mchana wote ilinishinda. Mabomba machache, viungio vichache, hakuna hata tone lililovuja, kama ulivyosema. Upande wangu Opio alikuwa amekaza kiungio kimoja mara mbili. Daktari Namutebi alipita, akaangalia pande zote mbili, akaniwekea mkono begani kwa huruma. Huruma! Nilitaka kuzama ardhini.

Alasiri mawingu yakakusanyika, mvua ikaanza kupiga mabati kwa fujo, na umeme ukaenda.

Hakuna aliyeshtuka, hii ni Kampala. Opio akatoka na mwavuli kuiwasha jenereta. Tukaisikia ikikohoa. Ikakohoa tena. Kisha tukasikia Opio anaitukana, na hapo tukajua.

Tulikaa gizani. Sserwadda alikuwa anaigusa pampu yake mara kwa mara kwa kiganja, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, lakini homa aliyokuwa anaiogopa ilikuwa ya kushuka. Ilipoa. Ilikuwa inahitaji umeme ili iwe na joto, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya Ziwa Albert. Nilikuwa nimeshinda na sikutaka kushinda hivyo, kwa uso wake ule.

Umeme uliporudi, pampu yako ilijaribu kusukuma, ikalia sauti moja mbaya, ikajizima yenyewe. Nta ilikuwa imeziba vali. Walipoifungua, pale kwenye pistoni palikuwa na donge la kahawia gumu, na mpira wa kuzuia kuvuja ulikuwa umechanika kwa kulazimishwa.

Yangu ilikuwa inashikilia maji. Maji hayagandi kwa mvua ya Kampala. Skrubu ya kuendesha pistoni zake ilikuwa imebaki pale pale umeme ulipoiachia, na mafuta yalikuwa ndani ya oveni yenye kuta nene, vali zimefungwa, hakuna kilichotoka wala kuingia. Presha ilikuwa imeshuka kwa sababu ya kupoa. Tukapasha moto upya, tukatikisa chombo chenye mafuta, tukasubiri, nta ikayeyuka, na sindano ikapanda yenyewe mpaka mahali pake. Opio alikuwa amelowa, maji yanamtiririka kwenye pua. Akaangalia geji. Akaniangalia mimi. "Haya," akasema. "Haya, Khemisa."

Sserwadda akavua tai yake akaitia mfukoni. "Pampu yangu si mbaya," akasema, bila kinyongo. "Imekuja tu kwenye nchi ambayo walioitengeneza hawakuifikiria." Nikamsaidia kuifunga kwenye sanduku. Nilikuwa na uchungu nayo kidogo. Ilikuwa yako.

Wote walidhani kazi imekwisha. Daktari alishataka kuandika barua ya kununua. Nikasema bado, kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yako: maji yanavimba.

Tukajaza chombo kwa kimiminika ambacho tabia yake inajulikana vitabuni, tukapima kama tungepima mafuta, tukalinganisha. Barasa, maji yalivimba! Yalivimba sawasawa na ulivyosema, ujazo wangu ulikuwa umepotoka, na kama tungeenda mbele na majivuno yangu, tungempelekea Daktari uongo ulionyooka. Nilicheka peke yangu pale mezani, nikicheka na machozi, Opio akadhani nimechanganyikiwa. "Ni Barasa," nikamwambia. "Amenijibu."

Basi nikafanya ambacho ungekifanya wewe. Pampu ile ina koti la maji kuzunguka silinda zake. Tukalitumia kuishikilia kwenye joto moja, si moto, joto moja tu lisilobadilika, ili mchana na usiku visitudanganye. Kisha tukapima kile kimiminika tena na tena, kwenye kila presha tuliyotarajia kupita, mpaka tukajua maji yanavimba kiasi gani kila hatua, tukawa tunaondoa hicho kiasi kwenye hesabu. Opio ndiye aliyekuwa ananisomea namba. Mara ya kwanza hazikulingana. Tukabadilisha kiungio. Tukarudia. Siku namba zilipolingana mara mbili mfululizo, alinyanyuka akaenda kuwasha redio yako, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Pampu ikanunuliwa. Kisima kikachukuliwa sampuli. Chupa mbili zililetwa kutoka Hoima: moja ikapanda ndege kama kawaida, nyingine ikabaki kwetu. Wakubwa walitaka hivyo, watulinganishe. Walitaka kuona tukianguka, wengine wao, usinibishie.

Siku ya kupima Daktari Namutebi alikuja na viatu vya kubadilisha, akasema haondoki. Tulishusha presha kidogo, tukasubiri, tukashusha, tukasubiri. Pampu haikutoa sauti. Chombo kina dirisha dogo la kioo nene, na mimi nilikuwa nimeweka jicho pale mpaka kope zikawa zinauma. Mafuta yalikuwa meusi yenye wekundu kwa mbali, yametulia. Nikampa Daktari nafasi yake nipumzishe jicho. Ndipo aliposhika mkono wangu akaubana.

"Naiona," akasema. "Khemisa, naiona, banange, naiona!"

Povu moja. Dogo kama kichwa cha pini. Likapanda taratibu likagota juu ya kioo, nyuma yake likaja jingine, na kwenye karatasi ya Opio mstari wa presha aliokuwa anauchora ukavunjika pale pale. Nilisoma presha kwa sauti. Opio akaiandika. Kisha yule mtu mzima akaweka kalamu chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Majibu kutoka ng'ambo yalichelewa, kama kawaida yao. Yalipokuja Daktari alituita akasoma yao, kisha yetu. Yamelingana, Barasa. Palipo na tofauti, ni ndogo kiasi kwamba wao wenyewe wameiita ndogo. Lakini chini kulikuwa na ujumbe. Mhandisi wao, mtu tusiyemjua, alikuwa anauliza tunatumia pampu ya namna gani, na tumefanyaje kurekebisha uvimbe wa maji, kwa sababu wao unawasumbua.

"Rudia hapo," akasema Opio.

Daktari akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia mara ya tatu, na safari hii alisoma kwa sauti ya mhubiri, halafu akatupa karatasi mezani na kupiga vigelegele. Daktari Namutebi! Yule anayetusalimu kwa kutikisa kidevu! Watu wa ofisi za jirani walikuja mlangoni kuuliza nani ameoa. Tulicheza, Barasa. Nilicheza ngoma ya dholuka ya kwetu Wanubi katikati ya maabara, na Opio akapiga mdundo kwenye kopo la grisi. Siku chache baadaye barua ya wakubwa ikafika: chumba ni chetu, na sampuli za visima vinavyofuata zitaletwa kwetu kwanza. Nilimjibu yule mhandisi wa ng'ambo mimi mwenyewe. Nilimweleza jinsi ya kurekebisha uvimbe, na nikaandika kwamba aliyeliona tatizo hilo kabla yetu sote ni mhandisi Barasa wa Bungoma, marehemu. Amejibu anakupa pole na pongezi kwa pamoja, hakujua aziweke wapi. Mimi pia sijui.

Nafula nilimpelekea habari nikiwa bado nanuka mafuta. Aliniuliza jambo moja tu: "Umemshinda vizuri?" Nikamwambia nimemshinda kwenye umeme, amenishinda kwenye maji. Akacheka mpaka akakaa chini, na mtoto mwenye pengo akacheka pia bila kujua kitu.

Lakini nikwambie na upande wa pili, kwa kuwa hukupenda nikufiche. Nilikuwa na hasira na wewe siku ile. Katikati ya vigelegele nilikuwa nakutafuta kwa macho nione utakavyokubali, ile namna yako ya kukuna shingo ukisema "sawa basi." Nimekushinda na hukuwepo kushindwa. Ushindi wa namna hiyo una pengo kubwa kuliko la mwanao.

Sasa kuna mhandisi mpya, anaitwa Akello, ametoka Gulu. Siku ya pili tu kazini, mbele ya watu, ameniambia mipira ya kuzuia kuvuja niliyoichagua kwa sampuli zenye gesi chafu haitafaa, itapasuka tukiachia presha haraka. Kwa sauti ndogo, lakini akaimaliza sentensi yake. Damu ilinipanda. Kila mtu aliniangalia, maana siku hizi mimi ndiye mwenye pampu. Nikamwambia asogeze kiti aje anionyeshe. Tumebishana mpaka askari wa getini akaja kutuuliza kama tunalala pale. Bado hatujakubaliana, na nadhani nusu ya anayosema ni kweli.

Hii ndiyo ahadi yangu kwako, Barasa, nyingine sina. Sitakaa peke yangu na maoni yangu. Yeyote atakayeniambia "sikubali" nitamsogezea kiti kwanza, hasira baadaye. Na mvua zikiisha nitavuka Malaba na Nafula na watoto, nimwambie mama yako kwa mdomo wangu kwamba jina la mwanawe limefika mahali ambapo hata mimi sijafika.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akurehemu, akulaze penye utulivu. Kelele tuachie sisi, tunazo za kutosha.

Ni mimi,
Khemisa